Unga, Methadoni na Mwanamke Asiyeonekana Kliniki

Leo tunazungumza juu ya unga, yaani heroini, na swali letu ni hili: kwa nini foleni ya matibabu imejaa wanaume?

Huenda wewe uliye hapa Chepkoilel ukasema, "Hayo ni mambo ya Pwani. Sisi Eldoret shida yetu ni chang'aa, na watoto wa mitaani wanaonusa gundi." Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini wanafunzi wa chuo chetu hutoka pembe zote za Kenya, na barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Uganda inapita papa hapa mjini. Kwa hiyo tega sikio.

Tuanzie mbali kidogo. Katika karne ya 19 kule Marekani, mraibu wa kawaida hakuwa kijana wa kijiweni, bali mama wa nyumbani. Madaktari waliwapa wanawake mofini na kasumba kwa maumivu ya hedhi na kwa kukosa usingizi. (Kasumba, neno tunalolitumia leo kwa fikra potofu, maana yake ya asili ni afyuni.) Mwaka 1878, uchunguzi katika jimbo la Michigan uliwapata watumiaji 1,313, na 803 kati yao walikuwa wanawake. Heroini yenyewe ilitengenezwa mara ya kwanza London mwaka 1874, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuiuza kama dawa ya kikohozi. Ndiyo, kikohozi! Sheria ilipokaza mwaka 1914, biashara ilihamia mitaani, na picha ya mraibu ikageuka kuwa ya kijana wa kiume. Wanawake hawakuisha, ila hawakutazamwa tena.

Methadoni nayo ilitoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Huko New York, Daktari Vincent Dole na Daktari Marie Nyswander waligundua kwamba dawa hiyo, ikinywewa kila siku, humtuliza mraibu wa heroini. Hushika mahali pale pale kwenye ubongo panaposhikwa na unga, lakini hufanya kazi polepole. Kipimo kimoja chatosha siku nzima. Arosto huisha, na mtu anaweza kwenda kazini. Matokeo yao ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 1965, yalihusu wagonjwa 22, wote wanaume. Tazama basi: mmoja wa waanzilishi ni mwanamke, lakini kipimo cha kwanza kinachukuliwa kwa mwanamume.

Kwetu, unga uliingia Pwani katika miaka ya 1980. Kwanza watu waliuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja ule mweupe, na sindano ikaanza kuonekana Mombasa na Malindi. Desemba 2010 unga uliadimika ghafla Pwani, na watumiaji wengi wakashikwa na arosto kwa wakati mmoja. Februari 2011, Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni. Kenya ilifuata Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015. Pale Muhimbili, katika miaka ya mwanzo, wanawake hawakufika hata mmoja kati ya kila wagonjwa kumi.

Je, ni kwa sababu hawatumii? La. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa Dar es Salaam walieleza jambo la kutisha. Mwanamke aliyekosa pesa ya kununua kete hujidunga damu ya mwenzake aliyetoka kujidunga, akiamini kwamba damu hiyo imebeba unga kidogo. Sijui kama kuna njia ya haraka zaidi ya kupata virusi vya ukimwi.

Utafiti wa nchi nyingi unaonyesha kwamba kijana wa kiume mara nyingi huanza na marafiki, na binti huanza na mpenzi wake. Mpenzi ndiye anunuaye, na wakati mwingine ndiye amdungaye. Mara nyingi mwanamke hutumia muda mfupi zaidi kutoka siku ya kwanza hadi uraibu. Akifika kliniki, huja na mzigo mzito: msongo wa mawazo, magonjwa ya zinaa, makovu ya kupigwa.

Na kufika kwenyewe ni kazi. Methadoni hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku. Nani atabaki na mtoto? Nauli itatoka wapi? Anayetafuta riziki yake usiku ataamkaje asubuhi? Tena kuna sisi wa nyumbani. Kijana wa kiume akipotea, ng'ombe huuzwa apelekwe matibabu. Binti akipotea, tunaambizana tusimtaje. Mimi naliona hili kuwa kizuizi kikubwa kuliko nauli.

Liko jambo moja ambalo kila mama anapaswa kulijua. Heroini huvuruga hedhi, hata mwanamke akadhani hawezi tena kushika mimba. Anapoanza methadoni, hedhi hurudi, na mimba pia. Basi aulizie uzazi wa mpango siku ile ile ya kwanza. Na aliye mjamzito asikatize unga kwa ghafla peke yake, kwani anaweza kupoteza mimba. Amwone daktari, methadoni hutumika katika ujauzito. Mtoto akizaliwa na dalili za arosto, hutibika.

Hapa Eldoret tunalo la kujivunia. Katika kliniki za AMPATH, wagonjwa 75 wenye virusi vya ukimwi waliokuwa wakinywa pombe walishiriki katika utafiti wa ushauri uliochapishwa mwaka 2011. Wanaume walikaa kikundi chao na wanawake chao. Ilikuwa pombe, si unga, lakini mpango ule wa kukaa mbali mbali unafaa kuigwa. Mama hawezi kusimulia alivyopigwa huku aliyempiga ameketi benchi la pili.

Ukiwa na binti au dada mwenye shida hii, piga simu ya NACADA, nambari 1192. Hulipi chochote.