Mmisionari Aliyerudi Kwao

Somo letu la leo ni la historia, wala si mahubiri. Ukiwa Mkristo, Mwislamu au mtu wa dini nyingine, keti tusome pamoja, maana jambo hili lamhusu kila mzazi anayetaka kuwaachia watoto wake imani aliyoipokea.

Tumezoea habari za wamisionari waliotoka Ulaya kwenda nchi za mbali. Hapa kwetu twamkumbuka Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Leo tuigeuze safari hiyo. Je, mmisionari akirudi kwao na kuwakuta watu wake wenyewe wameiacha dini waliyomtuma kuipeleka, atafanya nini?

Jambo hilo lilimpata Mwingereza mmoja, jina lake Lesslie Newbigin. Alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Newcastle. Mwaka 1936 alikwenda Bara Hindi pamoja na mkewe, Helen. Akajifunza Kitamil, akahubiri vijijini, na mwaka 1947 akafanywa askofu katika Kanisa la India Kusini, kanisa jipya lililounganisha Waanglikana, Wamethodisti na wengineo. Baadaye akawa askofu wa Madras.

Mwaka 1974 wazee hao wawili walifunga safari ya kurudi kwao. Hawakupanda ndege, bali walisafiri kwa mabasi, nchi kwa nchi, wakiwa na mizigo michache tu. Kila Jumapili walipata Wakristo wa kusali nao. Lakini walipofika Kapadokia, katika nchi ya Uturuki, hawakumpata hata mmoja, ikawabidi wasali peke yao. Msomaji, fahamu kwamba Kapadokia katika karne ya 4 ilikuwa na walimu wakubwa wa Kanisa, kama Basil na Gregory. Newbigin hakuisahau Jumapili ile. Aliona kwa macho yake kwamba imani yaweza kuota mizizi mahali, ikastawi, kisha ikatoweka.

Akafika Uingereza, akafundisha katika vyuo vya Selly Oak, mjini Birmingham. Makanisa ya mawe yalikuwapo, na kengele zilikuwapo, lakini watu walikuwa wamepungua. Katika mtaa wa Winson Green, mkabala na gereza, palikuwa na kanisa dogo lililokaribia kufungwa. Newbigin alikataa lisifungwe. Akasema kwamba Kanisa likiwakimbia maskini wa mjini, halina haki ya kujiita la kimisioni. Basi akaichukua kazi hiyo mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 70.

Alipopita nyumba kwa nyumba aliona ajabu. Wahamiaji kutoka Asia, ambao wengi hawakuwa Wakristo, walimkaribisha ndani. Waingereza wenzake mara nyingi walimfungia mlango. Alisema kwamba kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko yote aliyoyakuta Bara Hindi, kwa kuwa dharau ni ngumu kuikabili kuliko upinzani.

Watu hao walifikaje hapo? Sababu ni nyingi, lakini tuitaje moja. Ulaya ilipata vita vikali ambavyo dini ilikuwa mojawapo ya chanzo chake, hasa vile vya mwaka 1618 hadi 1648. Watu walichoka kuuana. Wengi wakaona ni heri mambo ya hakika, kama hesabu na sayansi, yawe ya wote, na dini iwe hiari ya mtu nyumbani mwake, kama apendavyo sukari katika chai yake.

Newbigin alijibu katika vitabu vyake, kimojawapo kikitoka mwaka 1986 na kingine mwaka 1989. Alimfuata Michael Polanyi, mtaalamu wa kemia kutoka Hungaria, aliyeonyesha kwamba hata mwanasayansi huanza kwa kuamini mambo asiyoweza kuyathibitisha kwanza. Kwa hiyo, alisema, Mkristo asione haya kuitoa imani yake barazani, ipimwe mbele ya watu wote. Lakini asitumie nguvu ya serikali kuwalazimisha wengine. Tena, hoja peke yake hazitoshi. Yanayoifafanua Injili vizuri zaidi ni maisha ya kundi la waumini wanaoiamini na kuifuata.

Wako waliompinga. Walisema kwamba kuiacha dini iwe siri ya moyo ndiko kunakowawezesha watu wa dini mbalimbali kukaa kwa amani. Hoja hiyo nayo ina uzito, usiipuuze.

Sasa tazama mwaka ule ule wa 1974. Kijana wa Uganda, John Sentamu, mwanasheria aliyewahi kuwekwa kizuizini wakati wa Idi Amin, alikimbilia Uingereza. Huko akasomea uchungaji. Mwaka 2002 akawa Askofu wa Birmingham, mji ule ule wa Newbigin, na mwaka 2005 akawa Askofu Mkuu wa York. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Je, mwenyeji amepona? Hesabu ya watu wa England na Wales ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba karibu 72 katika kila 100 walijiita Wakristo. Mwaka 2021 walikuwa 46. Newbigin alifariki mwaka 1998, na kanisa moja dogo halikuweza kuyageuza mawimbi hayo. Lakini hakuwa ameahidi ushindi. Alichofanya ni kukataa kuufunga mlango, na kuendelea kubisha hodi.

Labda wewe unaye mtoto huko ng'ambo, au hapa hapa mjini, ambaye hasali tena. Kabla ya kumkemea, zungumzeni haya katika darasa lenu:

1. Kati ya upinzani na dharau, ni lipi gumu zaidi kulivumilia, na kwa nini?
2. Imani ikiwa siri ya mtu, jamii yapata nini, nayo yapoteza nini?
3. Mtoto wako akikuuliza kwa nini unaamini, utamjibu nini?

Kwaherini, hadi somo lijalo.