Starehe Zilizovuka Mpaka: Historia ya Sikukuu na Burudani katika Busia na Malaba

Historia ya miji ya Busia na Malaba, iliyo upande wa Kenya kwenye mpaka wa Uganda, huandikwa zaidi kama historia ya forodha, malori na magendo, yaani biashara inayokwepa ushuru na vibali vya serikali. Mtazamo huo una msingi wake, kwa kuwa miji hiyo miwili ilikua kutokana na bidhaa zinazopita kati ya bandari ya Mombasa na nchi zisizo na bahari, lakini unaziacha kando saa ambazo wakazi wake hawakuwa wakiuza wala kununua: saa za kunywa pamoja, za kucheza ngoma, za kwenda hija, za kutazama mpira na za kuadhimisha sikukuu. Saa hizo zikichunguzwa kwa kipindi cha zaidi ya karne moja, hudhihirika kwamba kila serikali mbili ziliposhindwa kulingana katika sheria na kalenda, wakazi wa mpakani walijipatia ndani ya tofauti hizo nafasi ya starehe ambayo watu wa mikoa ya ndani hawakuwa nayo.

Kabla ya mpaka kuwekwa, eneo hili lilikuwa makazi ya jamii ambazo leo zimegawanyika kati ya nchi mbili. Abakhayo waliishi kandokando ya mahali palipo sasa mji wa Busia, Abamarachi katika nchi ya Butula na Bumala kwenye njia itokayo Kisumu, Abasamia katika vilima vya Funyula, na Iteso katika nyanda za Amagoro na Malaba. Ng'ambo walikuwapo Abasamia wenzao na Abagwe, pamoja na Iteso wa Tororo. Hadi 1902 nchi hizo zote zilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, kwa sababu Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea hadi Naivasha, na ni katika mwaka huo Waingereza walipouhamishia kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari wenyewe, ambao kwa sehemu kubwa hufuata mito ya Lwakhakha, Malaba na Sio kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, ulifafanuliwa kwa amri ya kifalme ya 1926. Kwa hiyo watu waliokuwa wakialikana kwenye arusi, matanga na karamu za mavuno walijikuta raia wa tawala mbili bila ya hata mmoja wao kuhama.

Burudani kongwe inayoweza kufuatiliwa katika eneo hili ni unywaji wa pombe ya wimbi, ambayo Iteso huiita ajono na ambayo ina udugu wa karibu na busaa ya Abaluhya. Unga wa wimbi huloweshwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, hukaangwa na kuanikwa juani, kisha huchanganywa na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Siku ya kunywa, mchanganyiko huo hutiwa katika chungu kikubwa na kumiminiwa maji ya moto, na wanywaji waliokizunguka huvuta kwa mirija mirefu yenye kichujio kwenye ncha. Nafaka hiyo imekaa sana katika nchi hii, kwani uchimbaji uliofanywa kwenye mwamba wa Kakapel, huko Teso Kaskazini, ambao pia ni maarufu kwa michoro ya kale, umefichua mbegu za wimbi zenye umri wa miaka isiyopungua 1000. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti miongoni mwa Iteso wa Kenya na kuuchapisha 1978 na 1980, alionyesha kuwa kikao cha chunguni kilikuwa na adabu zake, zilizopima umri, ukoo na ukwe wa kila aliyeketi, na kwamba kunywa pamoja ndiko kulikothibitisha ujirani mwema kuliko maneno. Ndiyo maana mpaka wa 1926 haukukivunja kikao hicho, kwa sababu mwaliko wa pombe ulifuata ukoo, na ukoo ulikuwa na nyumba pande zote mbili za mto.

Utawala wa kikoloni na misheni ulileta aina ya pili ya mapumziko, yaani sikukuu iliyopangwa kwa tarehe. Kabla ya hapo sherehe zilifuata mavuno, tohara au matanga, na hakuna aliyeweza kutaja siku yake mwaka mmoja mapema. Krismasi na Pasaka, kinyume chake, zilifika siku ileile katika Busia ya Kenya na katika Busia ya Uganda. Reli iliyopita Malaba na Tororo, na ambayo ilifika Kampala 1931, iliongeza jambo jingine kwa kuwapeleka vijana wa eneo hili kwenye kazi za mshahara Nairobi na Mombasa, hivyo kwamba Desemba ikawa mwezi wa kurudi nyumbani na Krismasi ikawa sikukuu ya jamaa kukutana kwa kuku na ugali, hata katika familia zisizoenda kanisani mara kwa mara. Katika mwaka uleule wa 1926 ambao mpaka ulifafanuliwa, timu za soka za Kenya na Uganda zilikutana kwa mara ya kwanza kugombea Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza iliyolidhamini, na ambalo Tanganyika na Zanzibar zilikuja kujiunga nalo katika miaka ya 1940. Mwaka mmoja, basi, uliwapa watu wa mpakani mstari wa kuwatenganisha na shindano la kubishania pamoja.

Uhuru ulifanya kalenda hizo ziachane waziwazi. Uganda huadhimisha Uhuru wake tarehe 9 Oktoba, kwa kumbukumbu ya 1962, ilhali Kenya huadhimisha Madaraka tarehe 1 Juni na Jamhuri tarehe 12 Desemba, kwa kumbukumbu ya 1963. Katika enzi ya Rais Daniel arap Moi, Kenya iliongeza Siku ya Moi tarehe 10 Oktoba, ambayo haikutajwa miongoni mwa sikukuu za kitaifa katika Katiba ya 2010, ikarudishwa na uamuzi wa Mahakama Kuu 2017, ikaitwa baadaye Siku ya Utamaduni, na tangu 2024 huitwa Siku ya Mazingira. Kwa mkazi wa mpakani mwenye jamaa ng'ambo, tarehe hizo mbili za Oktoba zilifuatana kama sikukuu moja ya siku mbili: siku ya kwanza mgeni huenda Uganda, na siku ya pili mwenyeji wake huja Kenya. Hali kama hiyo hutokea mwanzoni mwa Juni, kwa kuwa siku mbili tu baada ya Madaraka huja tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887, wengi wao Namugongo, na ambao Wakatoliki ishirini na wawili kati yao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Mahujaji kutoka sehemu mbalimbali za Kenya huvuka Busia na Malaba kwa miguu kila mwishoni mwa Mei kuelekea huko, hivyo kwamba hija imekuwa sehemu ya kalenda ya miji hii, ijapokuwa haimo katika orodha ya sikukuu za Kenya.

Miaka ya 1970 ilionyesha upande mwingine wa jambo hili, kwa kuwa starehe ya mpakani hutegemea mpaka unaopitika. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971, kisha kuwafukuza Waasia 1972 na kudai sehemu za magharibi mwa Kenya mapema 1976, askari wa doria na woga wa usiku vilipunguza mno safari za kutembeleana. Uhaba wa bidhaa nchini Uganda ulikuza magendo, lakini fedha za magendo zilinywewa upande wa Kenya, ambako baa na nyumba za wageni zilistawi wakati zile za ng'ambo zilidhoofika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na Desemba 1987 vikosi vya nchi hizi mbili vilifyatuliana risasi Busia hadi mpaka ukafungwa kwa muda, katika mwezi uleule wa Krismasi ambao jamaa walizoea kukutana.

Sheria za pombe ndizo zinazoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi tofauti ya tawala ilivyogeuzwa kuwa nafasi. Uganda iliamua 1965 kuudhibiti utengenezaji wa enguli, pombe kali ya kienyeji, kwa leseni, na kutokana na mpango huo ikapatikana waragi ya viwandani. Kenya ilichukua njia ya kupiga marufuku, ikatunga 1980 sheria dhidi ya chang'aa, ambayo ilifutwa 2010 sheria mpya ya vileo ilipopitishwa. Sheria hiyo mpya iliziruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa juma. Uganda haikuwa na saa zilizosimamiwa kwa ukali huo, hivyo mnywaji wa Busia asiyetaka kungoja jioni alivuka tu, mara nyingi juu ya baiskeli au pikipiki ya bodaboda, akarudi kabla ya giza kuingia.

Burudani ya picha nayo ilivuka kwa namna yake. Katika vibanda vya video, yaani vyumba vya kukodi vyenye televisheni na viti vya mbao, watazamaji wa upande wa Uganda walisikiliza filamu za Marekani na za China zikisimuliwa kwa Kiganda na wasimulizi waitwao VJ, na wale wa Kenya walikuja kuwa na DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili na Sheng. Vibanda hivyohivyo ndivyo vilivyoeneza mapenzi ya Ligi Kuu ya Uingereza, iliyoanzishwa 1992, na kuwapa vijana wa pande mbili kitu cha kubishania ambacho hakikuwa cha Kenya wala cha Uganda. Vijijini kulikuwa na disko matanga, muziki wa usiku kucha unaopigwa kwenye matanga ili kuchangisha fedha za maziko, ambao serikali imeupiga marufuku mara kadhaa kwa hoja ya usalama wa wasichana, nao ukarudi kila mara, kwa sababu vijana wa mashambani hawakuwa na ukumbi mwingine.

Karne ya sasa imezipunguza tofauti hizo bila ya kuzimaliza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, soko la pamoja lilianza Julai 2010, na tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambacho humwezesha msafiri kukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Hata hivyo, janga la korona lilithibitisha kwamba saa za nchi hizi bado ni mbili, kwani Kenya iliondoa kafyu tarehe 20 Oktoba 2021, ilhali Uganda ilisubiri hadi Januari 2022 kabla ya kufungua baa zake, na kwa miezi mitatu usiku wa Busia ya Kenya ulikuwa huru huku wa Busia ya Uganda ukiwa umefungwa. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao, na nchi hizohizo tatu zimepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027.

Mwanahistoria anayehesabu malori na ushuru pekee ataeleza jinsi Busia na Malaba zilivyopata fedha, lakini hataeleza kwa nini watu waliendelea kujiona jamaa moja baada ya 1902, 1977 na 1987. Jibu la swali hilo limo katika chungu cha ajono, katika sikukuu mbili za Oktoba, katika njia ya Namugongo na katika vibanda vya video, na mambo hayo yanastahili kukusanywa na kuandikwa maadamu wazee walioyashuhudia wangali hai.