Cuil Ilikufa, DuckDuckGo Ipo

Julai 2008 injini ya kutafuta iitwayo Cuil ilizinduliwa Marekani kwa tambo nyingi. Baadhi ya waanzilishi wake, akiwemo Anna Patterson, walikuwa wametoka Google, na walijigamba kuwa wameorodhesha kurasa bilioni 120. Siku ya kwanza watu walifurika, mitambo ikaelemewa, na waliobahatika kupata majibu wakakuta picha zisizoendana na habari. Septemba 2010 ikazimwa. Mwaka huohuo wa 2008, Gabriel Weinberg alianzisha DuckDuckGo bila kelele. Ipo mpaka leo.

Nadhani sababu ni rahisi. Cuil iliuza ukubwa, wakati mtu wa kawaida hatafuti kurasa bilioni. Anatafuta moja tu, ile yenye jibu. DuckDuckGo ilikuja kushika hoja moja inayoeleweka: hatukufuatilii.

Hoja hiyo niliielewa mama alipougua. Usiku kucha nilitafuta habari za ugonjwa wake kwenye simu. Kesho yake matangazo ya dawa yakanifuata hadi kwenye habari niliyoiandika mwenyewe. Nyumbani sikuwa nimemwambia mtu, lakini simu ilishajua! Wiki hiyo nikahamia injini mbadala.

Imenifaa? Nusu kwa nusu. Nikitafuta historia au habari za nje, sioni tofauti kubwa. Nikiuliza kwa Kiswahili, au nikitaka duka la mtaani kwetu, mara nyingi narudi kulekule nilikotoka, kichwa chini.

Na hata neno “mbadala” lina walakini. Tarehe 23 Mei 2024 Bing ya Microsoft ilipata hitilafu, na DuckDuckGo na Ecosia nazo zikayumba, kwa kuwa zilitegemea majibu yake. Milango mingi, jiko moja.

Kuna fundisho jingine. Mwaka 2019 Sridhar Ramaswamy, aliyewahi kusimamia matangazo Google, alianzisha Neeva: hakuna matangazo, mtumiaji analipia. Mwaka 2023 ikafungwa. Wenyewe walieleza kwamba kumshawishi mtu alipe haikuwa kazi ngumu kama kumfanya aijaribu kwanza. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google ilijilinda kinyume cha sheria ili ibaki peke yake sokoni. Ilibainika kuwa mwaka 2021 pekee ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari.

Hebu fikiria: fedha yote hiyo ni kwa ajili ya kutufanya tusibadilishe mpangilio ambao kuubadilisha huchukua dakika moja. Kumbe uvivu wetu una bei.

Kwa hiyo nazitumia zote mbili. Duka na kituo cha daladala nauliza kule kwa wakubwa. Ugonjwa, madeni na hofu zangu, siwapelekei tena.