Mwalimu wa Pugu na Kura Tatu za Mwaka 1958

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kisarawe unapita Pugu, ambako Julius Nyerere alisomesha hadi mwaka 1955 alipoiacha chaki na kushika siasa. Septemba 1958 akagombea kiti cha Baraza la Kutunga Sheria, na kura alizoomba ni pamoja na za pande hizi.

Kisarawe ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki. Kibaha ilikuwa haijawa wilaya. Enzi hizo jimbo maana yake mkoa, na mkoa mzima ndio uliokuwa eneo moja la uchaguzi, kuanzia pwani hadi kupita milima ya Uluguru. Leo Kibaha peke yake ina majimbo mawili.

Mpinzani wake, Patrick Kunambi wa Uluguru, hakuwa mtu baki. Wote wawili wamo katika orodha ya watu 17 walioasisi chama cha TANU Julai 1954.

Kura yenyewe ilikuwa kituko. Ulitakiwa umchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja; ukimwacha yeyote, kura yako imeharibika. Jambo hilo nusura liipasue TANU kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958. Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki, lakini mwanachama mwenzao Zuberi Mtemvu akapinga, akajitoa na kuanzisha chama chake.

Halafu kulikuwa na masharti. Asiyekuwa na wadhifa unaotambuliwa ilibidi awe amefika darasa la nane, au apate pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000. Mkulima wa mihogo wa Maneromango angezitoa wapi? Kadi ya TANU alikuwa nayo mfukoni, lakini sandukuni hakuruhusiwa kufika.

Agosti mwaka huohuo mahakama ilimtia Nyerere hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la Sauti ya TANU: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Hesabu ileile! Faini ikalipwa, kampeni ikaendelea.

Nyerere alipata kura zipatazo 2,600, Kunambi kama 800. Kwa mkoa mkubwa kiasi kile, wapiga kura walikuwa wachache tu.

Aliyekuwa na miaka 21 siku ile sasa anakaribia 90. Kama kwenu Masaki au Mlandizi yupo mzee aliyepiga kura hizo tatu, kaa naye umuulize wiki hii.