Ziada Iliyokuwa Deni: Bima ya Afya ya Mtumishi Anapostaafu

Kuanzia Julai 2001, mshahara wa mtumishi wa Serikali Kuu nchini Tanzania ulianza kukatwa asilimia 3 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri akaongeza 3 nyingine. Sheria iliyouanzisha Mfuko ilitungwa mwaka 1999, na makato hayo yaliwakuta watu waliokwisha kuishi chini ya taratibu nyingine kabisa. Enzi za ukoloni matibabu yalifuata rangi na cheo: Dar es Salaam, Mzungu alilazwa Ocean Road, Mwafrika akapelekwa Sewa Haji. Uhuru ulipokuja, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya Serikali yalitolewa bure, hadi hazina ilipoelemewa na wagonjwa wakaanza kuchangia gharama mwaka 1993. Bima ilikuja kuziba pengo hilo, ikaanza na watu ambao mshahara wao ulikuwa rahisi kukatwa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa na manung'uniko mengi. Watumishi, walimu wakiwa mstari wa mbele, walilalamika kwamba wanakatwa kila mwezi lakini wakifika kituoni dawa hakuna, na mwenye kadi anaachwa kwenye foleni huku mwenye fedha taslimu akihudumiwa. Madai ya hospitali yalikuwa machache, michango ikazidi malipo, na Mfuko ukajikusanyia akiba kubwa iliyopewa jina la ziada. Hapa ndipo lilipo kosa lililoutesa Mfuko baadaye. Mchango wa mtumishi wa miaka 30 unaonekana mwingi kuliko gharama zake kwa sababu bado hajafika umri wa kuugua sana. Sehemu ya fedha hiyo ilikuwa matibabu ya uzee wake, yaliyolipwa mapema. Kuiita ziada kulimaanisha kwamba inaweza kupangiwa kazi nyingine, na ilipangiwa: iliwekezwa katika dhamana za Serikali, na sehemu ikakopeshwa kwa ujenzi, ukiwamo wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Chuo kina faida kwa taifa, sina ubishi na hilo. Lakini mgonjwa wa figo hasafishwi damu kwa jengo.

Wakati akiba ikielekezwa huko, ahadi ziliongezeka. Kadi moja ilimhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi hadi 4, wazazi wakiwamo. Kisha sheria ikarekebishwa ili mtumishi aliyestaafu akiwa mwanachama aendelee kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kukatwa chochote. Ni uamuzi wa utu, na ningeutetea mbele ya yeyote. Ila kiwango cha mchango kilibaki asilimia 6 ileile, nusu kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri, huku shinikizo la damu, kisukari, saratani na magonjwa ya moyo yakizidi kula fedha za Mfuko. Tofauti na malaria, magonjwa haya hayaishi kwa dozi ya siku 3. Mstaafu mwenye kisukari anarudi kliniki kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na hakuna tena mshahara nyuma ya kadi yake. Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi za Mfuko, zikisema bei za kitita kipya cha mafao hazitoshi kuendesha huduma. Aliyeumia zaidi hapo ni mgonjwa wa kliniki ya kila mwezi.

Wapo watakaosema mstaafu naye achangie kutoka kwenye pensheni yake. Hoja hiyo inasahau mambo mawili. Kwanza, alikwisha kuchangia, na ziada ya miaka ya mwanzo ni ushahidi wa hilo. Pili, pensheni yenyewe ni nyembamba na imegombaniwa vya kutosha: kikokotoo cha pensheni cha mwaka 2018 kilichoshusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25 kilizua ghadhabu, Rais Magufuli akakisitisha Desemba mwaka huohuo, kikaja cha asilimia 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kupanda hadi 40. Nchi nzima ilijadili mkupuo. Mjadala wa uzito huo haujafanywa kuhusu gharama za kumtibu mstaafu kwa miaka 20 baada ya mkupuo huo kwisha, wakati kwa mzee mgonjwa hizo ndizo fedha nyingi zaidi.

Jirani yetu Kenya anaonyesha njia hiyo ya mstaafu kujilipia inavyokuwa. Mfuko wao wa bima ya hospitali ulianza mwaka 1966 kwa wenye kipato cha shilingi 1,000 na zaidi kwa mwezi, ukawafungulia wachangiaji wa hiari mwaka 1972. Mwaka 2012 watumishi wa umma walipata mpango mpana wa matibabu, lakini mpango huo uliambatana na ajira. Aliyestaafu alirudi kwenye bima ya kawaida, akijilipia mwenyewe, katika umri ambao madaktari wanaanza kumzoea. Hesabu za mpango huo zilikuwa nyepesi kwa sababu mzigo ulihamishiwa kwa familia.

Hoja nyingine ni kwamba tatizo lote ni udanganyifu: madai hewa, kadi za kuazimana, vipimo visivyohitajika. Wizi huo upo na unastahili adhabu kali. Hata hivyo, hata ukikomeshwa wote kesho, walioajiriwa kwa wingi miaka ya 2000 wataendelea kuzeeka na kustaafu wakiwa na miaka 60. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapanua wigo kwa mamilioni ya watu wa sekta isiyo rasmi, na kishawishi cha kutumia michango ya watumishi wa leo kulipia kila upungufu kitakuwa kikubwa. Kwa hiyo fungu la wastaafu litengwe kwenye hesabu zake lenyewe, tathmini ya uhai wa Mfuko ichapishwe kwa lugha ambayo mwalimu wa Namtumbo ataisoma na kuielewa, na mwajiri, ambaye ni Serikali, alipe kwa niaba ya kila mstaafu mchango unaolingana na umri wake.