Benchi la Mbarara (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Neema ameitwa Mbarara kwenye usaili wa ufadhili wa chuo kikuu. Mama yake ameuza mahindi ya mbegu apate nauli, lakini amekataa katakata kumsindikiza. "Lolote utakaloliona huko," alimwambia, "usipige kelele."

SASA ENDELEA...

Takisi iliondoka Base Camp, kambini Nakivale, kungali giza. Neema aliikumbatia bahasha ya vyeti, viatu vya kuazima vikimbana.

Isingiro akapanda bibi mmoja mwenye gomesi ya kijani. Aliitazama ile bahasha.

"Unakwenda kusoma, mjukuu wangu?"

"Usaili, Bibi, Mungu akijalia. Kiswahili umekijulia wapi?"

"Dar es Salaam. Amin alipotukimbiza nilifundisha huko mpaka alipoangushwa 1979. Nami nimeula ukimbizi, usinione hivi."

Neema akanyamaza. Kwa mtoto wa Nakivale, kambi inayopokea watu tangu Wanyarwanda wa mwaka 1959 walipokimbia kwao, mkimbizi ni mtu anayeingia Uganda. Kwamba kuna waliotoka, nani aliwahi kumwambia?

Bibi hakungoja kuulizwa. Makerere, alisema, ilikuwa ya wanaume watupu, hata wito wake uliwataka wote wawe wanaume! Mwaka 1945 wakaingia wasichana sita, wito ukabadilishwa. Yeye alilala Mary Stuart, bweni la wasichana ambalo wanafunzi hawaliiti ila Box.

"Huyo Mary alikuwa mke wa Askofu Stuart, yule mwenye jina kwenye chuo kikuu hapo Mbarara. Mume kapewa chuo kizima, mke bweni. Lakini tuulize sisi tuliolala humo!" Akacheka mpaka kondakta akageuka. "Mwaka 1990 wasichana wakaanza kuongezewa alama moja na nusu wakiomba vyuo vya serikali. Sisi tuliongezewa masimango."

Neema alitabasamu tu. Angeanzaje kumweleza kuwa ufadhili wa serikali ni wa raia, na kwamba nafasi yake ni hii moja?

Saa nne alikuwa Mbarara, kwenye benchi la usaili pamoja na wasichana wengine, midomo imewakauka. Mlango ukafunguliwa.

"Neema Bahati!" karani aliita.

Kabla hajanyanyuka, msichana wa mwisho wa benchi alikwishasimama. Misuko yake mipya, bahasha mkononi.

"Neema Bahati ni mimi!" Sauti ilimtoka Neema kubwa kuliko alivyotaka.

"Leteni karatasi za familia," karani alisema, uso umekunjana. "Zote mbili."

Akazilaza mezani bega kwa bega. Neema akainama, akatafuta kasoro: mhuri, tarehe, chochote. Macho yakakwama kwenye picha ya mkuu wa familia.

Kwenye karatasi zote mbili alikuwa Mama.

Yule msichana akamsogelea, akanong'ona:

"Kwani Mama hakukwambia, dada?"

ITAENDELEA WIKI IJAYO