Wanyonge Katika Msafara wa Mashujaa

Anayesimamia mchezo wa kuigiza wa mezani, ule wa dadu, mapanga na majoka, hukutana mapema na jambo gumu: mgeni anajiunga na kundi lililocheza miezi mingi. Wenzake wako ngazi ya sita, yeye ya kwanza. Kwa sheria za Dungeons & Dragons za 2014, mpira wa moto wa mchawi hupigiwa dadu nane za pande sita, wastani pointi 28. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza ana pointi za uhai kumi na kitu tu. Moto unaowababua wenzake unamuua yeye.

Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huo Marekani mwaka 1974, dawa imekuwa hesabu. Katika sheria za 1981, mpiganaji hupanda ngazi ya pili kwa alama 2,000 za uzoefu, ya tatu kwa 4,000, ya nne kwa 8,000, kila ngazi hadi ya saba ikidai maradufu: ya sita 32,000, ya saba 64,000. Maana yake, alama zikigawanywa sawasawa, muda ambao mkongwe anatoka ya sita hadi ya saba unamtosha mgeni kutoka chini hadi ya sita. Akiishi. Toleo la 2014 lilipunguza mwinuko wenyewe: nyongeza ya ustadi hukua kutoka 2 hadi 6 tu katika ngazi 20, hivyo mshale wa mgeni bado unaweza kumpata adui wa wakubwa.

Nazipenda hesabu hizi. Lakini zinasema mdogo atawafikia wakubwa lini. Leo usiku afanye nini mbele ya joka, hazisemi. Kwa vijana wa Kilwa, hapa kando ya Ziwa Mweru, vitabu vya sheria ni vya Kiingereza au Kifaransa, ilhali jibu la swali hilo limekaa katika masimulizi ya huku kwetu.

Waluba wa Katanga husimulia jinsi Nkongolo Mwamba alivyomwonea wivu mpwa wake Kalala Ilunga, akachimba shimo, akalifunika kwa mkeka, akamwita aje kucheza ngoma. Katika masimulizi mengine, aliyemwokoa Ilunga ni mpiga ngoma, aliyemwonya kwa mdundo. Ilunga akauchoma mkeka kwa mkuki, shimo likaonekana, akakimbilia ng'ambo ya mto Lualaba. Panga la mpiga ngoma lingesaidia nini pale? Alijua lugha ya ngoma, na wakati ule hiyo ndiyo iliyohitajika.

Wanyanga wa Kivu wana utenzi wa shujaa Mwindo, kama alivyousimulia mtambaji Shekarisi Rureke mwaka 1956 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck. Mwindo ana nguvu tangu kuzaliwa. Wajomba zake, popo wahunzi, wanakwenda naye vitani na kuangamia. Anaposhuka kuzimu, shangazi yake Iyangura anabaki juu ameshika kamba: ikiacha kutikisika, mpwa amekufa. Huko chini Kahindo, binti mgonjwa wa buba, anamwonya asikubali anachokaribishwa na baba yake Muisa. Kati ya Iyangura na Kahindo, hakuna anayehitaji kuwa na nguvu za Mwindo. Kila mmoja ana kazi ambayo shujaa hawezi kujifanyia.

Hapo msimamizi ana la kujifunza. Ampe mgeni habari, ukoo, au lugha inayofungua mlango, na kazi hiyo iwe na hatari yake, isiwe ya kubeba mizigo.

Ila utenzi una jambo ambalo meza haipaswi kuliiga. Wajomba wanakufa, kisha Mwindo anawafufua, na msikilizaji anaridhika kwa kuwa hadithi ni ya Mwindo. Mezani kila mjomba ana mtu aliyeketi nyuma yake, aliyempa jina. Kumfanya asubiri ufufuo huku wenzake wakipigana ni kumnyima mchezo. Hapa naona mchezo umeupita utenzi: unadai Iyangura naye awe na zamu yake. Msimamizi akifika kwenye mlango wa kuzimu, asimulie pia upande wa juu. Nani anamjia mshika kamba gizani, anataka nini, naye atamjibu nini bila kuiachia kamba? Kisha amkabidhi mgeni dadu.